Maswali ya Wasomaji: Fangasi Anayekata Protini za Mwili

Katika toleo lililopita niligusia kwamba Candida, fangasi wa jamii ya hamira anayesumbua watu wengi mdomoni na ukeni, humwaga nje vimeng'enya vinavyokata protini za mwili. Sentensi ile moja imeniletea barua nyingi kuliko makala yote. Nimechagua chache, majina nimeyaficha.

Mama, mwaka huu nimepata fangasi wa ukeni mara kadhaa. Karatasi ya maabara imeandikwa Candida albicans. Niliposoma kwako kwamba anakata protini za mwili, usingizi ukaniisha. Ina maana ananila ndani kwa ndani? Na nimemtoa wapi, wakati mume wangu hana dalili yoyote?

Pole sana dada yangu, na lala usingizi: huliwi. Candida albicans yumo kwa watu wazima wengi wenye afya, mdomoni, kwenye utumbo na ukeni, na wengi wao watamaliza maisha bila kujua kwamba wanaye. Kwa hiyo lile swali la nani amekupa mara nyingi halina wa kumnyooshea kidole, na nakuomba lisilete maneno ndani ya nyumba. Yaelekea sana ulikuwa naye tangu zamani, ametulia, kisha kitu kikabadilika: pengine antibayotiki zilizoua bakteria wanaomzuia, pengine ujauzito, pengine sukari kupanda kwenye damu.

Sasa hilo la kukata protini. Seli ya fangasi huyu ni ndogo mno, upana wake kama maikromita 5 tu, na imezungukwa na ukuta mgumu. Protini nzima ni kubwa mno kuingizwa ndani ya seli hiyo. Fangasi akikosa naitrojeni ya kupatikana kirahisi, humwaga vimeng'enya nje. Vinaikata protini iliyo jirani kuwa vipande vidogo, na vipande hivyo ndivyo anavyoviingiza ndani na kuvila. C. albicans ana jeni 10 za vimeng'enya vya namna hii, SAP1 hadi SAP10. Vile vinavyotokana na jeni nane za kwanza humwagwa nje kabisa. Vimeng'enya vya jeni mbili za mwisho, Sap9 na Sap10, hubaki vimeshikamana na seli yenyewe.

Kama vingekuwa vya kutafutia chakula tu, nisingeviandikia makala. Lakini vinakata pia musini, yaani protini inayoupa ute utelezi na kuzuia vimelea visifike kwenye seli. Vinakata kingamwili za IgA, ambazo mwili huzimwaga kwenye ute huo huo kwa ajili ya ulinzi. Na kimojawapo, Sap5, hukata E-kadherini, protini inayoshikanisha seli moja ya ngozi laini na jirani yake. Ute ukipungua, kingamwili zikikatika na seli zikiachana, fangasi amejipatia njia.

Hata hivyo muwasho, wekundu na kuungua unakokusikia havitokani na kukatwa huko peke yake. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanawake wenye afya walikubali kuwekewa Candida hai ukeni. Wachache walipata dalili, wengi hawakupata. Waliopata dalili walikuwa na neutrofili tele, zile chembe nyeupe za damu zinazokimbilia palipo na vimelea. Wasiopata dalili hawakuwa nazo kwa wingi huo. Sehemu kubwa ya mateso, basi, ni mwili wako mwenyewe unaopigana. Na vimeng'enya hivi vimo katika orodha ya vitu vinavyouchokoza: maabarani, Sap2 na Sap6 zimeonekana kuzifanya chembe nyeupe zitoe kemikali za kuita wenzao.

La kufanya. Ukipata mara tatu au zaidi ndani ya mwaka mmoja, usiendelee kujinunulia dozi moja moja. Rudi kwa daktari, omba sampuli ioteshwe ili ajulikane ni fangasi wa aina gani, upimwe na kisukari. Matibabu ya hali hiyo ni marefu: kwanza ugonjwa unazimwa, kisha kwa kawaida hutolewa flukonazoli mara moja kwa wiki kwa miezi 6. Kama una mimba au unadhani unayo, sema kabla ya kumeza kidonge chochote, kwa sababu wajawazito hupewa dawa ya kupaka au kuweka ukeni. Na acha kabisa kuosha ndani kwa sabuni au dawa za kuua vijidudu. Unawaondoa bakteria wanaotengeneza asidi inayokulinda.

Shikamoo mwalimu. Kwenye mafunzo ya vitendo tuliotesha Candida za wagonjwa mbalimbali kwenye sahani zenye albumini, protini ya damu. Koloni nyingine, yaani vishada vya fangasi walioota, zilizungukwa na duara kubwa angavu, nyingine duara dogo, moja haikuwa na duara kabisa. Je, niandike kwenye ripoti kwamba ile yenye duara kubwa ndiyo hatari zaidi kwa mgonjwa? Ni mwanafunzi wa maabara, mwaka wa pili.

Marahaba mwanangu. Usiandike hivyo. Na nafurahi umeuliza kabla ya kuandika, kwa sababu sahani hiyo naipenda sana na nimeiona ikisemewa mambo ambayo haikuyasema.

Tazama kilichomo ndani yake. Kuna agari, sukari, vitamini, madini, na albumini ya damu ya ng'ombe. Hakuna naitrojeni nyingine. Fangasi uliyempanda hapo ana njia moja tu ya kuishi: aikate albumini. Baada ya siku chache kwenye joto la mwili unamwagia rangi ya amido bleki, unasuuza kwa asidi asetiki, na sahani yote inabaki bluu nzito kwa sababu rangi imeshikwa na protini. Kuzunguka koloni tu ndiko kweupe, maana protini ya hapo haipo tena. Weka rula. Pima kipenyo cha koloni peke yake, kisha kipenyo cha koloni pamoja na duara lake, gawanya cha kwanza kwa cha pili. Hiyo ndiyo Pz. Ukipata 1, hakuna kilichokatwa. Namba ikishuka, ukataji umeongezeka. Wanafunzi wengi huisoma kinyume, wakadhani namba kubwa ni nguvu kubwa, kwa hiyo itazame tena kabla hujakabidhi.

Sasa ongeza chumvi ya amonia kwenye sahani kama hiyo. Duara linafifia au halitokei kabisa. Fangasi ni yuleyule, jeni ni zilezile, ila amepata naitrojeni ya bure na SAP2 imezimwa. Badilisha kiwango cha asidi, matokeo yanabadilika tena. Sap1 hadi Sap3 hufanya kazi vizuri kwenye pH (kipimo cha asidi, namba ndogo ni asidi kali) ya 3 hadi 5, na Sap4 hadi Sap6 kwenye pH ya 5 hadi 7. Hizi za pili hutoka zaidi fangasi anapoacha umbo la duara na kurefuka kuwa nyuzi, na nyuzi ndizo zinazopenya ngozi laini. Sahani yako, yenye pH ya karibu 5 na albumini tupu, inapima zaidi Sap2. Haikuambii lolote la maana kuhusu Sap5 ndani ya shavu la mgonjwa.

Kuna hatua nyingine ambayo sahani haiwezi kuonyesha. Kimeng'enya hiki hakizaliwi kikiwa tayari kukata. Kingekuwa hivyo kingeanza na protini za fangasi mwenyewe. Hutengenezwa kikiwa na kipande cha ziada kinachoziba mahali pa kukatia, kama kisu kilichomo alani. Kikipita kwenye vifaa vya Golgi, mahali protini zinapoandaliwa kutoka nje ya seli, kimeng'enya kingine kiitwacho Kex2 hukiondoa kipande hicho, na Sap hutoka nje ikiwa tayari. Likumbuke jina la Kex2, nitalirudia.

Nikupe na historia kidogo, kwa sababu inajibu swali lako kuliko maelezo yangu. Mtafiti wa Ujerumani, F. Staib, ndiye aliyeonyesha mwaka 1965 kwamba fangasi hawa wanaweza kuishi kwa protini za damu kama chanzo cha naitrojeni. Jeni zilipoanza kujulikana moja moja, watafiti wakazifuta. Mwaka 1997 zilichapishwa kazi zilizoonyesha kwamba Candida asiye na baadhi ya jeni za SAP huwaumiza wanyama wa maabara kidogo kuliko wa kawaida. Kila mtu akaona silaha kuu imepatikana. Kisha ikabainika kwamba jeni ya URA3, iliyotumika kama alama katika kufuta zile nyingine, yenyewe inaweza kubadilisha ukali wa fangasi kutegemea imewekwa wapi kwenye kromosomu. Jaribio likarudiwa kwa njia safi zaidi. Mwaka 2008 Candida asiye na SAP1 hadi SAP3, na mwingine asiye na SAP4 hadi SAP6, walipenya ngozi laini iliyooteshwa maabarani sawasawa na wa kawaida. Mwaka 2010 kwa panya walioambukizwa kupitia damu, mchango wa Sap1 hadi Sap6 ulionekana kuwa mdogo.

Halafu mwaka 2016 ikatangazwa kandidalisini. Ni peptidi fupi, asidi amino 31 tu, na yenyewe hutoboa utando wa seli za binadamu. Hutolewa na zile nyuzi. Na inakatwa kutoka kwenye protini kubwa zaidi, Ece1, na nani? Na Kex2 yuleyule. Mimi hapo ndipo napata hamu ya kuendelea na fani hii. Miaka yote tuliangalia vimeng'enya vilivyomwagwa nje, kumbe mkataji mwingine aliyebaki ndani ya seli alikuwa ndiye anayeandaa sumu.

Usitoke hapa ukidhani Sap ni bure. Zinakata zile protini nilizozitaja juu, hilo limepimwa mara nyingi, na ziko 10, hivyo ukifuta moja nyingine zinaweza kuziba pengo. Ninachokukataza ni kuruka kutoka kwenye duara kwenda kwa mgonjwa. Andika hivi: "Koloni imeonyesha ukataji wa albumini, Pz kadhaa, kwenye pH kadhaa, baada ya saa kadhaa." Ukiandika hivyo umesema ulichokiona.

Maabara imesema nina Candida glabrata, si albicans. Je, naye ana vimeng'enya hivyohivyo?

Hapana. C. glabrata hana Sap za kumwaga nje kama za albicans. Ana jamaa zao wanaoitwa yapsini, jeni 11, na vimeng'enya vyake hukaa kwenye ukuta wa seli. Isitoshe, kwa kawaida hatengenezi zile nyuzi za kweli za kupenya, na bado anawaletea watu ugonjwa. Kwako jambo la kushughulikia ni jingine: aina hii mara nyingi haisikii flukonazoli vizuri. Mwulize daktari kama kipimo cha usikivu wa dawa kimefanyika.

Ndugu mtaalamu, naishi na VVU tangu miaka ya 1990. Kabla ya dawa nilikuwa na fangasi mdomoni hadi kooni, kumeza ilikuwa adhabu. Nilipoanzishiwa dawa zilizokuwa na indinaviri, ule weupe ulikwisha haraka hata kabla CD4, chembe za ulinzi wa mwili, hazijapanda sana. Daktari wangu wa wakati ule alishangaa. Ilikuwa bahati?

Asante kwa barua hii, ndugu yangu, na nashukuru upo unaiandika. Kwa mtu mmoja mmoja siwezi kuapa, lakini ulichokiona kiliwashangaza madaktari wengine pia, nao wakakifuatilia.

VVU ana kimeng'enya chake cha kukata protini, na bila hicho virusi wapya hawakomai. Kimo katika ukoo mmoja na Sap: vyote hutumia asidi aspatiki mbili, zilizokaa zikitazamana, kukatia protini. Dawa kama sakwinaviri, ritonaviri na indinaviri, zilizoanza kutumika mwaka 1995 na 1996, zilibuniwa kukaa mahali hapo na kukaziba. Kufikia mwaka 1999 watafiti wa Ulaya walikuwa wameonyesha kwamba dawa hizo huziba na baadhi ya Sap, na kwamba Candida aliyewekewa dawa hizo hushikamana na seli za binadamu kwa shida zaidi. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba dawa yako ilikuwa inapiga pande mbili, juu ya kuurudisha ulinzi wa mwili.

Ila Sap huzibwa kwa kiwango kikubwa zaidi cha dawa kuliko kinachohitajika kwa VVU, na hakuna anayezitoa kama dawa ya fangasi. Wengi siku hizi wanatumia mchanganyiko wenye dolutegraviri, ambayo haigusi ukoo huu wa vimeng'enya hata kidogo. Ule weupe ukirudi leo, usiusubiri. Inaweza kuwa ishara kwamba virusi vimepanda, kwa hiyo pamoja na matibabu ya mdomo omba kupimwa wingi wa virusi.

Baba yangu mzee ana meno ya bandia. Kaakaa limekuwa jekundu chini ya bamba, daktari wa meno anasema ni fangasi. Amepakwa nistatini, imepona, imerudi.

Itarudi tena kama bamba halitibiwi. Fangasi hujenga utando wake juu ya plastiki, na chini ya bamba mate hayapiti vizuri, asidi inapanda. Mazingira hayo yanazifaa Sap za asidi. Mzee alale bila meno hayo kila usiku, yasuguliwe kwa brashi na kulowekwa kwenye dawa atakayoelekezwa na daktari, na kama hayakai sawa yarekebishwe. Nistatini bila hayo ni kujichosha.

Kwa nini basi wasitengeneze dawa ya kuziba Sap tu, tumalize? Au chanjo?

Wamejaribu, na kinachozuia ni tumbo lako. Pepsini, inayosaga protini tumboni, ni wa ukoo huohuo wa asidi aspatiki mbili. Renini, inayosaidia kurekebisha shinikizo la damu, naye yumo. Kuna kemikali iitwayo pepstatini A inayoziziba Sap barabara maabarani, lakini haichagui, na mwilini haidumu. Kupata kitu kitakachokamata Sap na kuwaacha ndugu zake wa kibinadamu ni kazi ngumu ya kemia, na baada ya yale matokeo ya 2008 na 2010 walipaji wanauliza kama faida inalingana na gharama. Kwa upande wa chanjo, ilitengenezwa moja yenye kipande cha Sap2, ikafika majaribio ya awali kwa binadamu. Haijafika kwenye matumizi.

Mimi bado nataka kazi hii iendelee. Dawa za fangasi tulizo nazo ni za makundi machache mno. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi 19 wa kupewa kipaumbele, na C. albicans yumo katika kundi la juu kabisa, pamoja na Candida auris, Aspergillus fumigatus na Cryptococcus neoformans. Kila njia mpya ya kuwashika inahitajika.

Kaka yangu alilazwa, wakasema ni uti wa mgongo wa fangasi, Cryptococcus. Kichwa kilimuuma wiki nzima. Fangasi anafikaje kwenye ubongo? Sasa ametoka, amepewa flukonazoli, lakini anasema amepona anataka kuacha.

Pole kwako na kwake. Huyu naye ni fangasi wa jamii ya hamira. Huingia kwa pumzi, hukaa mapafuni, na ulinzi wa mwili ukishuka, hasa kwa mwenye VVU asiyetibiwa, hupita kwenye damu hadi ubongoni. Mishipa midogo ya ubongo imezibwa kwa seli zilizobanana sana, na mojawapo ya njia zake za kupita ni kimeng'enya kiitwacho Mpr1, ambacho hukata protini kwa kutumia madini badala ya asidi aspatiki. Mwaka 2014 watafiti walichapisha jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Cryptococcus aliyefutiwa Mpr1 alishindwa kuvuka ukuta wa seli hizo uliooteshwa maabarani. Kisha wakaichukua jeni hiyo wakaiweka kwenye Saccharomyces cerevisiae, hamira ileile ya kuumulia unga, isiyo na tabia hiyo. Ikavuka. Hapo kimeng'enya kimoja kilitosha kubadilisha kila kitu, ndiyo maana sikubali kusema vimeng'enya hivi si muhimu kwa sababu tu Sap zimetuchanganya.

Kuhusu kaka yako, sina mjadala. Kupona kwa kichwa si kuisha kwa fangasi. Baada ya dawa za hospitali huja wiki kadhaa za flukonazoli kwa kiwango kikubwa, kisha dozi ya kila siku ya kumlinda, kwa kawaida miligramu 200, kwa mwaka mmoja au zaidi, mpaka CD4 ipande na virusi vya VVU vifubae. Kaa naye, mhesabu vidonge pamoja, na tarehe ya kliniki nenda naye. Kichwa kikianza kuuma tena, au akiona vitu viwiliviwili, au akitapika, mrudishe hospitali siku hiyohiyo.